Somo: Kuanguka kwa Wazee Nyumbani



Katika somo la safari hii tumechagua jambo ambalo wengine hulicheka, wengine hulificha, na wachache hulifikiri sawasawa. Nalo ni kuanguka kwa wazee nyumbani. Sisi tunaoandika tumo katika umri huo, maana Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humhesabu mtu kuwa mzee tangu atimizapo miaka 60. Kwa hiyo hatuandiki kama daktari aandikiaye wagonjwa. Twaandika kama wenzenu katika safari moja.

Tungependa somo hili lisomwe nyumbani kwa sauti, mzee akiwapo pamoja na watoto na wajukuu anaoishi nao, kwa sababu kila mmoja ana sehemu yake ndani yake.

1. JE, AJALI HAINA KINGA?

Mzee akianguka, maneno yasemwayo kwanza ni haya mawili: "Ajali haina kinga," na "Uzee huo." Maneno haya hufariji kidogo, lakini hayafundishi kitu.

Chuoni tuliwafundisha walimu wanafunzi kwamba mtoto akileta jibu lisilo sahihi la hesabu, haifai kusema, "Mtoto huyu hana akili," na kuishia hapo. Mwalimu mwema huifuata hesabu mstari kwa mstari mpaka aone mahali ilipopotea. Na kuanguka ni vivyo hivyo. Mzee haanguki kwa sababu ya miaka yake. Huanguka kwa sababu kizingiti hakikuonekana, au dawa ilimpa kizunguzungu, au miguu imepungukiwa na nguvu, au sakafu ilikuwa na maji. Mara nyingi sababu mbili au tatu hukutana mahali pamoja. Ukiondoa moja tu, huenda asianguke.

Jambo lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na kwamba katika kila watu 100 wanaokufa hivyo, zaidi ya 80 ni wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ndizo nchi kama zetu. Katika ajali zinazoua watu, kuanguka ni kwa pili baada ya ajali za barabarani. Tena yakadiriwa kwamba katika kila watu 3 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, mmoja hivi huanguka walau mara moja kwa mwaka. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa Tanzania ina wazee zaidi ya milioni 3. Basi kila msomaji na ahesabu wazee wa mtaa wake, ataona ni wangapi tunaowazungumzia.

2. HESHIMA INAYOMWANGUSHA MZEE

Kabla hatujagusa habari za sakafu na taa, tuangalie jambo moja ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote.

Desturi yetu ni kumheshimu mzee kwa kumketisha. Mgeni akiingia, mzee hainuki. Maji huletwa alipo. Akitaka kufagia, mjukuu hupokonya ufagio. Akishika jembe, mtoto husema, "Baba, umefanya kazi ya kutosha, sasa pumzika." Maneno haya hutoka katika moyo mwema, na hatuyalaumu. Na akisha kuanguka mara moja, ulinzi huzidi: "Mama, usiende bustanini. Mama, usiguse ndoo. Kaa hapo hapo."

Lakini tufikiri kidogo. Msuli usiotumiwa hupungua. Mguu unaokaa juma baada ya juma hupoteza nguvu, na mwili husahau namna ya kujirudisha sawa unapoyumba. Baada ya miezi michache, mzee aliyeketishwa ili asianguke amekuwa dhaifu kuliko alivyokuwa siku alipoanguka. Akiinuka kwenda chooni, ambako hakuna awezaye kwenda kwa niaba yake, huanguka tena. Hapo watu husema, "Mnaona? Tulimwambia asitembee." Kumbe kiti ndicho kilichomwandaa kuanguka.

Pia hofu yenyewe ina madhara yake. Mtu aogopaye kuanguka huburuta miguu, huinama, hutazama chini ya vidole vyake, na kupiga hatua fupi zisizo na uhakika. Mwendo wa namna hiyo ndio unaoangusha. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Kwa kijana ni kweli, maana mguu wa pili huwahi kumpokea. Kwa mzee aliyekaa sana, mguu wa pili huchelewa.

Kuna jambo jingine tena ambalo vijana hawalijui. Wazee wengi huficha kuanguka kwao. Mama hukutwa na jeraha mkononi, akaulizwa, akasema amejigonga mlangoni. Kwa nini afiche? Kwa sababu anaijua hukumu itakayofuata. Ataambiwa aiache nyumba yake, shamba lake, kuku wake na makaburi ya wazazi wake, akakae mjini katika chumba kimoja kwa mtoto wake. Ni afadhali kwake avumilie maumivu kuliko kung'olewa. Basi, ninyi vijana, mkitaka wazazi wenu wawaambie kweli, waonyesheni kwanza kwamba neno litakalofuata si "Uhame," bali ni "Tutengeneze." Maana aliyeanguka mara moja ana hatari kubwa ya kuanguka tena. Akinyamaza, hakuna kitakachotengenezwa.

3. MASWALI MATATU

Mzee akisha kupata nafuu, mwulize kwa upole maswali haya matatu, na kuyaandika majibu katika daftari: Ilikuwa saa ngapi? Ilikuwa mahali gani? Ulikuwa unafanya nini?

Majibu hayo matatu hufungua mengi. Akisema, "Ilikuwa alfajiri, kando ya kitanda, nikiinuka," tutashuku kizunguzungu au dawa. Akisema, "Ilikuwa usiku, njiani kwenda chooni," tutatafuta habari za taa, njia na viatu. Akisema, "Nilikuwa natembea tu, mguu ukakataa," tutatazama nguvu za miguu, au kumpeleka kwa mganga wa hospitali apimwe. Ukiandika hivyo mara mbili au tatu, utaona mahali hesabu inapopotea.

4. NDANI YA MWILI

Kizunguzungu cha kuinuka. Mtu akiinuka ghafula, damu hushuka miguuni, na kwa mzee mwili huchelewa kuipandisha kichwani. Dawa yake ya kwanza haina gharama. Ukiamka, keti kwanza ukingoni mwa kitanda, chezesha nyayo juu na chini mara kadhaa, ngoja dakika moja au mbili, ndipo usimame ukiwa umeshika kitu. Simama kidogo kabla ya kupiga hatua. Hata kanisani, baada ya kupiga magoti kwa muda, shika benchi na kuinuka taratibu. Kizunguzungu kikiendelea, mwombe mganga akupime shinikizo la damu ukiwa umelala, kisha ukiwa umesimama.

Maji. Wazee wengine hujinyima maji ya kunywa ili wasiende chooni usiku. Mwili uliokauka hupata kizunguzungu upesi. Ni afadhali kunywa maji ya kutosha mchana, na kupunguza jioni. Lakini mwenye ugonjwa wa moyo au figo na afuate kipimo alichopewa na daktari wake.

Dawa. Dawa za usingizi, za kutuliza, za shinikizo la damu, za kukojosha, na za kisukari zinazoshusha sukari mno, zaweza kumfanya mtu ayumbe. Usiziache kwa shauri lako mwenyewe, maana kuziacha kuna hatari kubwa zaidi. Tia dawa zote katika mfuko mmoja, pamoja na zile za kununua dukani na za miti shamba, uzipeleke kituo cha afya na kuuliza, "Je, katika hizi iko inayoweza kuniangusha?" Mganga mwema hatachukizwa na swali hilo. Pombe nayo, iwe ya dukani au ya kienyeji, huungana na dawa hizi na kuzidisha hatari.

Macho. Mtoto wa jicho hufunika macho polepole hata mtu asijue kiasi alichopoteza. Ugonjwa huu hutibiwa kwa upasuaji mfupi, ambapo lenzi iliyofifia huondolewa na nyingine kuwekwa mahali pake. Wazee wengi hungoja mpaka wasione kabisa, na kungoja huko hakuna faida. Wenye miwani ya sehemu mbili na waangalie washukapo ngazi, maana sehemu ya chini ni ya kusomea, nayo huifanya ngazi ionekane kama ukungu.

Miguu. Kucha ndefu, sugu na vidonda hubadili mwendo. Mwenye kisukari huenda asiisikie ardhi vizuri kwa nyayo zake. Mjukuu anayemkata babu kucha kila juma la pili amefanya kazi kubwa ya kuzuia ajali.

5. NDANI YA NYUMBA NA NJE

Sasa tutembee nyumbani pamoja na mzee mwenyewe. Asiachwe nyuma, maana yeye ndiye ajuaye mahali mguu unapokwama.

Kizingiti. Nyumba zetu nyingi zina vizingiti vya kuzuia maji ya mvua. Kipakeni chokaa nyeupe kionekane hata gizani, na kuweka kishikio cha mbao ukutani kando ya mlango.

Sakafu. Mkeka au zulia lililojikunja pembeni hutega mguu. Ama ulilazwe sawasawa, ama uondolewe njiani. Saruji iliyolainishwa sana na vigae huteleza vikilowa, kwa hiyo maji yakimwagika yafutwe papo hapo, na si kungojwa yakauke.

Njia. Ndoo, kinu, jembe, kuni na waya wa kuchaji simu visikae kati ya kitanda na mlango. Samani zikisha kuwekwa mahali, zisihamishwe ovyo, kwa kuwa mzee hutembea gizani kwa kukumbuka.

Choo. Hapa ndipo penye hatari kubwa, hasa choo kikiwa nje na usiku ni wa mvua. Njia yake isawazishwe na kumwagiwa kokoto au mchanga mkavu. Ndani pasimikwe nguzo imara au fito nene za kushikia, kwa sababu kuinuka baada ya kuchuchumaa ni kazi nzito kwa magoti ya mzee. Fundi seremala aweza kutengeneza kiti chenye tundu cha kuwekwa juu ya choo cha shimo kwa mbao chache tu. Na usiku hakuna aibu yo yote kuwa na kopo au ndoo yenye kifuniko karibu na kitanda. Aibu hiyo ni ndogo kuliko nyonga iliyovunjika.

Taa. Tochi au taa ndogo ya sola iwe mahali pamoja kila siku, ambapo mkono huifikia kabla ya miguu kugusa chini.

Kitanda na kiti. Kitanda kizuri kwa mzee ni kile ambacho akiketi ukingoni, nyayo zake zinakaa sawa chini na magoti yamekunjwa kama pembe mraba. Kigoda kifupi kinafaa kwa kijana. Mpeni mzee kiti imara chenye mikono ya kujisukumia.

Viatu na nguo. Ndara huchopoka mguuni na kuteleza. Afadhali kiatu chenye ukanda wa nyuma na soli isiyoteleza. Katambuga iliyotengenezwa kwa tairi na kufungwa vizuri nyuma yafaa kuliko ndara mpya ya dukani. Kanga, kitenge na kanzu visiburute chini.

Vitu vya juu. Chumvi, sufuria na dawa viwekwe mahali mkono unapofika. Mzee asipande juu ya kiti wala kigoda kuvitafuta. Na kupanda mwembe au mnazi, hata kama ulianza tangu utoto, kwaachiwe wajukuu.

6. MAZOEZI

Tulisema kwamba kuketi mno kunadhoofisha. Je, nguvu zaweza kurudi katika uzee? Ndiyo, zaweza.

Huko New Zealand, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Otago walifanya jaribio kwa wanawake wenye umri wa miaka 80 na zaidi waliokuwa wakiishi majumbani mwao. Waliwafundisha mazoezi rahisi ya miguu na ya kujiweka sawa, pamoja na kutembea. Matokeo yalitangazwa mwaka 1997, nayo yalionyesha kuwa waliofanya mazoezi walianguka mara chache kuliko wenzao. Kisha mwaka 2019 wataalamu walijumlisha majaribio 108 kutoka nchi 25, yenye watu zaidi ya 23,000, wakaona kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa karibu robo nzima. Shirika la Afya Duniani nalo hushauri wazee wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujiweka sawa siku 3 au zaidi kwa juma.

Haya manne hayahitaji chombo cho chote ila kiti na meza imara isiyosogea. Fanya mtu akiwa karibu mpaka utakapozoea.

(a) Keti kitini, kisha simama na kuketi tena taratibu. Anza mara 5, ongeza mpaka 10. Mwanzoni jisukume kwa mikono. Ukipata nguvu, acha mikono.

(b) Simama ukishika meza. Inua visigino mpaka usimame kwa vidole, kisha shusha polepole. Mara 10.

(c) Ukishika meza, simama kwa mguu mmoja ukihesabu mpaka 10. Badili mguu.

(d) Ukigusa ukuta, tembea ukiweka kisigino mbele ya vidole vya mguu wa pili, kama mtu apimaye kiwanja kwa nyayo. Hatua 10 kwenda, 10 kurudi.

Mwenye maumivu ya kifua, au aliyetoka kuumwa, na aulize kwanza kituo cha afya. Na katika kazi za nyumbani, mwacheni mzee achague mchele, afagie uwanja, apalilie bustani iliyo karibu, aende mwenyewe kumsalimu jirani. Kazi hizo ni dawa, tena humpa mtu sababu ya kuamka.

7. FIMBO

Wengi huiona fimbo kuwa alama ya kushindwa. Sisi twaiona kuwa mguu wa tatu. Lakini iwe ya kipimo. Simama wima umevaa viatu, mikono ikining'inia. Kishikio cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono. Ncha yake ivishwe mpira, maana mti mtupu huteleza juu ya saruji. Kama mguu mmoja una maumivu, fimbo ishikwe kwa mkono wa upande wa mguu mzima, nayo iende mbele pamoja na mguu mbovu. Kwenye ngazi kumbuka hivi: kupanda, tangulia na mguu mzima, kushuka, tangulia na fimbo na mguu mbovu.

8. IKIWA MZEE AMEANGUKA

Kwanza, wewe uliyeanguka, usikimbilie kuinuka kwa haya. Tulia, pumua, jisikilize. Kama huna maumivu makali, geuka kwa ubavu, jiinue kwa mikono na magoti, utambae mpaka kwenye kiti au kitanda imara. Weka mikono juu yake, tanguliza mguu wenye nguvu, jisukume, kisha geuka na kuketi. Pumzika kabla ya kusimama.

Ninyi mliomkuta, msimvute kwa mikono. Mwulizeni pa kuuma. Kama hawezi kuukanyagia mguu, au ana maumivu kwenye kinena, au mguu mmoja unaonekana mfupi na nyayo imegeukia nje, yamkini nyonga imevunjika. Msimsimamishe, wala msimkande. Mfunikeni, mlazeni juu ya ubao au mlango, mkampeleke hospitali. Nyonga iliyovunjika mara nyingi huhitaji upasuaji, na kila siku inayopotea kwa kukandwa mtaani humzidishia hatari. Hata katika nchi zenye hospitali nyingi, kati ya wazee 5 waliovunjika nyonga, mmoja hivi hufariki kabla ya mwaka kwisha. Na aliyegonga kichwa, kisha akapata usingizi usio wa kawaida, kutapika au kuchanganyikiwa, apelekwe mara moja. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda apelekwe hata kama anasema hajambo.

Mzee akaaye peke yake na awe na simu shingoni au mfukoni, si juu ya kabati. Asiye na simu, filimbi yatosha. Tena apatane na jirani juu ya ishara. Kwa mfano, dirisha lisipofunguliwa kufikia saa 1 asubuhi, jirani aje kubisha hodi. Mapatano hayo hayana gharama, na yamkini ndiyo yatakayomtoa mtu sakafuni kabla ya jua kuwa kali.

9. MASWALI YA KUZUNGUMZA

(i) Katika nyumba yetu, ni mahali gani pawili panapoweza kumwangusha mzee? Nani atapatengeneza, na lini?

(ii) Ni kazi gani tuliyompokonya mzee kwa heshima, ambayo twaweza kumrudishia?

(iii) Je, mzee wetu aweza kutuambia ameanguka bila kuogopa kuhamishwa? Kama hawezi, ni neno gani letu lililomfunga mdomo?

(iv) Wale wanaotembelea wazee wa mtaa, wanaweza kubeba nini pamoja na salamu? Nyundo na misumari? Mpira wa fimbo? Chokaa?

KAZI YA JUMA HILI: Kila nyumba yenye mzee ipake chokaa kizingiti kimoja na kuondoa kitu kimoja njiani. Na kila mzee asomaye haya aweke kitabu chini sasa, ashike meza, asimame na kuketi mara 5. Kesho afanye tena.